Kwa Nini Mama Hondohondo Hujifungia Ndani ya Mti

Hadithi hii ilitutangulia duniani na itabaki tukiondoka. Tegeni masikio, nami nitaisema kama nilivyoipokea, bila kuitia asali.

Zamani, ndege na watu walipokuwa bado wanasikilizana lugha, hondohondo hakuwa na siri. Leo unaweza kuishi msituni mpaka mvi zikuote usilione yai lake hata mara moja. Lakini siku zile alitaga chini, katikati ya mizizi minene ya miti mikubwa, juu ya majani makavu, mahali ambapo hata mtoto anayejifunza kutembea angefika. Hapakuwa na mlango wala kizuizi. Mama hondohondo aliyalalia mayai yake mawili, ndege mkubwa mweusi mwenye kiuno cheupe na pembe iliyopanda juu ya mdomo kama kofia, akawatazama wapitao kama mama anayenyonyesha barazani anavyowatazama majirani.

Kwenye mlima Ishongwe, ambako mambo haya yalitokea, watu walikuwa na desturi moja. Mtoto aking'oka jino la kwanza, alipelekwa kwa Bibi Nakiete, aliyekaa ukingoni mwa msitu, na kwa mwaka mzima, kila baada ya siku nne, alikwenda kwake kufundishwa viumbe.

Nakiete alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Kazi ile aliirithi kwa mama yake. Alizaa watoto wawili, homa ikawachukua wote kabla hawajaota meno, na baadaye mumewe akaenda kuoa kwingine. Hakupenda kulisema jambo hilo. Lakini wenye macho waliona jinsi alivyokuwa akisimama mlangoni siku ya mafunzo, jua likiwa bado halijakausha umande, akisubiri kusikia sauti za watoto wa watu zikipanda njiani.

Aliwafundisha kwa kuwaonyesha. Aliwalaza kifudifudi kando ya kijito wawatazame viluwiluwi wanavyopoteza mkia. Aliwapeleka kwenye gogo lililooza, akawaambia wahesabu wakazi wake, na watoto walihesabu mpaka wakachoka. Aliwaonjesha jani chungu ili walijue, akawakataza kuchuma tunda la mwisho mtini, kwa kuwa la mwisho si lao. Na swali alilolipenda kuliko yote lilikuwa hili: mti hauna miguu, basi watoto wake hufikaje ng'ambo ya bonde? Watoto walikisia upepo, wakakisia maji. Kisha aliwakalisha chini ya mkuyu wawaone hondohondo wakila matunda mazima mazima, wakaruka nayo, wakaziacha mbegu mbali kule ambako hakuna binadamu aliyekwenda na jembe.

"Miguu ya mti ni huyo," alisema Nakiete. "Msitu huu wote mnaouona umetembea ndani ya tumbo la ndege."

Somo la kwanza kabisa, hata hivyo, lilikuwa la kiota. Watoto walipelekwa mpaka hatua tatu kutoka kwa mama hondohondo na mayai yake, mikono wameifunga nyuma ya mgongo. Walitazama tu. Hakuna aliyeruhusiwa kunyoosha kidole, kwa maana tangu kale kidole kilichonyooshwa kuelekea kwa mnyama kilikuwa amri ya mwindaji: piga pale. Aliyetaka kumwonyesha mwenzake kitu alikielekezea kidevu. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano baina ya mama yake Nakiete na ndege wale, na mama wa mama yake kabla ya hapo. Watu waje na watoto wao, waone, wajifunze, ndege hawataruka. Na hawakuruka.

Mwaka ambao mambo yaliharibika, miongoni mwa watoto alikuwamo msichana mmoja, Nambike, binti wa Mbonea. Nyumbani kwao walikuwa watoto tisa, naye alikuwa wa saba, mtoto ambaye jina lake huitwa mwisho baada ya mama kukosea majina mengine yote. Msituni alikuwa mtu mwingine. Aliuona mguu wa kinyonga pale wenzake walipoona tawi. Kabla mwaka haujafika nusu alikuwa anavijua viota vyote vya hondohondo upande wa mashariki wa mlima, arobaini na kimoja, na kila mama alimpa jina: Mwenye Kilema, Mama Usingizi, Mnuni. Nakiete hakuwa mtu wa sifa, lakini siku moja alimwambia mtoto yule kwamba akifa, kazi hii itakuwa yake. Nambike alishuka mlimani jioni ile akikimbia ili akawaambie wazazi wake. Alimkuta mama anapika na baba anarekebisha mpini wa jembe, wakamwambia aache makelele akachote maji.

Mtawala wa Ishongwe, ambaye kwa cheo aliitwa Mfumwa, jina lake Sengondo, hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu wa kuona haya haraka. Mwaka ule alitembelewa na mtawala wa nyika, aliyepanda mlima na watu wake sitini, na kichwani amevaa taji la manyoya ya mbuni lililoyumba kwa kila neno alilosema. Sengondo alimpokea akiwa amevaa kilemba cha ngozi ya pimbi. Hakuna aliyecheka. Lakini mgeni alikitazama kile kilemba muda kidogo kupita inavyopasa, na Sengondo hakulala vizuri tangu siku hiyo.

Akamwita Nakiete. Alimpa kigoda, akampa kibuyu cha pombe ya miwa, akamwulizia hali ya magoti yake. Kisha akamweleza haja yake. Alitaka taji lenye pembe ya hondohondo mbele, na manyoya yake meusi na meupe kuzunguka. Wawindaji wake wasingeweza kumpata ndege yule kwa urahisi, kwa kuwa dume huishi juu mitini na jike hukaa kiotani, na viota anavijua Nakiete na watoto wake tu. Alitaka ndege mmoja.

Nakiete alikataa. Alisema makubaliano si yake peke yake hata ayavunje.

Mfumwa hakukasirika. Alimwambia kwa upole kwamba wazee wa ukoo walikuwa wamemjia tena wakilalamika. Nyani wanamaliza mahindi, na watoto wa kuwafukuza wako msituni wanatazama mchwa. Walitaka mafunzo yale yafutwe. Yeye amekuwa akiwazuia mwaka wa tatu huu.

"Mama, mimi nakulinda," alisema. "Nawe nilinde kidogo. Ndege mmoja, nami nitaapa mbele ya wazee kwamba watoto watakuja kwako mpaka siku utakapoingia kaburini."

Nakiete aliomba siku mbili za kufikiri. Katika siku hizo alikwenda kutazama viota kimoja kimoja, na kila mama aliyemtazama alimtazama bila wasiwasi. Akajipigia hesabu. Alikuwako ndege mmoja mzee kandokando ya kijito, yule ambaye Nambike alimwita Mnuni. Dume lake lilikufa msimu uliopita kwa radi. Mwaka huu, Nakiete alidhani, anakilalia kiota kitupu kwa mazoea tu, kama wajane wanavyoendelea kupika chungu cha watu wawili. Uhai wake umebaki mfupi. Ukiuweka upande mmoja, na upande wa pili ukaweka watoto wote wa Ishongwe ambao hawatajua tena kiluwiluwi ni nini, mizani iliinama yenyewe. Ndivyo alivyojiambia. Na ukweli ni kwamba alijiambia pia jambo jingine ambalo hakulimaliza, kwamba bila watoto wale mlango wake ungebaki kimya.

Akakubali. Akatoa sharti moja, kwamba atakwenda na wawindaji yeye mwenyewe, wasije wakatembea ovyo na kukanyaga viota vingine.

Waliingia msituni asubuhi isiyokuwa ya mafunzo, Nakiete mbele, wanaume wawili nyuma. Mnuni alikuwa mahali pake. Alimwona Nakiete, akainamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa amefanya kwa miaka kumi na minane. Wawindaji hawakumtofautisha na kivuli cha mizizi, wakauliza yuko wapi. Nakiete aliinua kidevu. Hawakuona. Aliinua kidevu mara ya pili, nao wakazidi kuangaza macho kushoto na kulia, mmoja akaanza kusogelea mzizi mwingine ambako alikaa mama mwenye vifaranga. Ndipo Nakiete akauchomoa mkono wake nyuma ya mgongo, akanyoosha kidole.

Hawakuhitaji mshale. Mnuni hakuruka. Walimshika kwa mikono kama kuku. Alilia mara moja tu, na chini yake, kwenye majani, palikuwa na kifaranga asiye na unyoya hata mmoja, mwekundu, aliyefumba macho. Alikuwa amepata dume jingine, na Nakiete hakujua. Katika viota arobaini na kimoja, hicho ndicho ambacho hakukichungulia vizuri mwaka ule.

Alipogeuka aliwaona watoto wanne wamesimama njiani. Nambike alikuwa mbele yao. Walikuwa wamekuja siku isiyo yao kwa sababu Nambike aliwaahidi kuwaonyesha kifaranga cha Mnuni, kilichototolewa jana yake, na alitaka kumshtukiza Bibi kwa habari hiyo. Mikono yao ilikuwa nyuma ya migongo.

"Bibi, mbona umemnyooshea kidole?" aliuliza Nambike.

Nakiete angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba amekosa. Angeweza hata kukaa kimya, na ukimya ungekuwa fundisho. Lakini wanaume walikuwa wanamsikiliza, na kifaranga alikuwa anajipinda kwenye majani, na aibu ilimsukuma kulijibu swali haraka ili lisiulizwe tena.

"Ni huyu mmoja tu," alisema.

Alikichukua kifaranga kile nyumbani, akakilisha kuyu zilizopondwa. Siku ya tatu kikafa.

Taji lilitengenezwa. Sengondo alilivaa siku ya kufungua ndiva, lile bwawa la udongo ambamo maji ya chemchemi hukusanywa kabla ya kugawiwa mashambani, na watu wote walikuwapo. Lilipendeza, hilo tusilifiche. Pembe ile ilishika jua ikawaka. Mzee mmoja wa ukoo alisema kimo cha Mfumwa kimeongezeka. Kabla ya ngoma kwisha, ndugu zake walikuwa wanaulizana wao watavaa nini. Na mama mmoja aliyekuwa na binti wa kuolewa aliamua bibi harusi hatatoka bila unyoya mweupe kichwani.

Walikwenda kwa Nakiete kwanza. Aliwafukuza. Walirudi na maneno laini, akawafukuza tena, akasimama njiani na fimbo. Basi wakamwacha na fimbo yake, wakarudi makwao, ambako kila nyumba ilikuwa na mtoto.

Jioni moja Mbonea alimwita binti yake wa saba akae naye kwenye kigoda. Alimkatia pande la nyama ya mbuzi kutoka kwenye sahani yake mwenyewe. Akamwambia amesikia kwamba yeye ni hodari kuliko wote huko msituni, na angependa kujua anafundishwa nini. Nambike alisahau kula. Alianza na viluwiluwi, akaingia kwa mchwa, akaeleza miti inavyotembea. Baba yake alikuwa akiitikia kwa kichwa, na mama yake aliacha kuosha vyombo akasogea kusikiliza. Alipofika kwenye viota, baba alisema haamini kwamba mtoto mdogo anaweza kuvijua vyote arobaini. Nambike akavitaja kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilipo. Kesho yake alimshika baba yake mkono akampeleka. Njiani alikumbuka kuogopa, akasimama, akamwambia baba yake, "Lakini ni mmoja tu, Baba." Mbonea akasema ndiyo, mmoja tu, kama Bibi alivyofanya.

Hakuwa mwongo. Alichukua mmoja. Shemeji yake naye alichukua mmoja, na jirani yake mmoja, na kila baba mlimani aliyekuwa na mtoto wa mafunzo alichukua mmoja. Watoto walikwenda mbele wakiruka kwa furaha, kwa maana kwa mara ya kwanza watu wazima walikuwa wanafuata nyuma yao. Na mama hondohondo walipoziona sura zile ndogo wanazozifahamu, hawakuruka. Kwa siku sita kilio kilisikika Ishongwe. Siku ya saba hakikusikika.

Nakiete alikimbilia kwa Mfumwa siku ya pili ya maangamizi yale, nguo imechanika kwa miiba. Alimtaka akataze, atume watu, apige mbiu. Sengondo alikuwa amekaa na taji lake magotini, analipaka mafuta. Alionekana kuumia kwa dhati.

"Mimi nilichukua mmoja, Mama," alisema. "Tulikubaliana mimi na wewe. Hawa wengine wamefuata nini, sijui."

Lakini yeye alijua, na Nakiete alijua, nao hawakutazamana.

Siku ile ya saba alirudi msituni akatembea kiota hadi kiota. Majani makavu yalikuwa yametawanyika, maganda ya mayai yametawanyika, na siafu walikuwa wamekwisha kufika, kwa kuwa msitu hauachi kitu kilale. Alihesabu arobaini. Cha arobaini na kimoja kilikuwa bondeni kabisa, na pale alimkuta mama yuko hai, amesimama pembeni mwa mayai yake, manyoya yamemsimama. Dume lake lilikuwa juu ya tawi. Nakiete aliweka mikono yake nyuma ya mgongo, kwa mazoea, akasimama hatua tatu.

"Usikae hivyo," ndege alimwambia. "Hivyo ndivyo ulivyosimama kwa Mnuni."

Nakiete alipiga magoti. Alisema atakaa hapa usiku na mchana, atamlinda kwa mwili wake, hatamwacha mtu apite.

"Simwogopi Mfumwa," alisema ndege. "Hajui ninapolala. Nyoka naye, akiniona nami humwona. Mtu ninayemwogopa ni yule aliyefundishwa jina langu, akaja karibu nikamzoea. Dhidi ya huyo sina mbinu, isipokuwa asinione tena."

Ilikuwa mara ya mwisho kwa hondohondo kusema na mtu.

Mama yule aliyaacha mayai yake, kwa kuwa mahali pale palikuwa pameshajulikana, akaruka juu mpaka kwenye tundu la mti mkongwe, refu kwenda juu, giza ndani. Akaingia. Kisha dume likashuka ukingoni mwa kijito, likameza udongo mbichi, likampelekea madonge, naye kutoka ndani akaanza kuziba. Alitumia mdomo wake kama mwiko wa mwashi, akachanganya udongo na kinyesi na matunda yaliyopondeka, akajenga kutoka kushoto na kutoka kulia. Nakiete alikaa chini ya mti akitazama mlango unavyopungua. Siku ya tano ulibaki ufa mwembamba, wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Dume likaleta tunda la kwanza, likalisukuma ndani. Ndani ya tundu, kwa kuwa hakuwa na pa kurukia, mama alianza kupukutisha manyoya ya mabawa yake, akayatandika akataga upya juu yake.

Nambike alikuja msituni siku hiyo ya tano. Hakuwa ameambiwa aje. Nyumbani unyoya ulikuwa umechomekwa juu ya mlango, na baba yake alikuwa amerudi kwenye jembe lake, na jina lake lilikuwa limerudi kuitwa mwisho. Alisimama mbali kidogo na mwalimu wake. Alikuwa analia bila sauti, kama watoto wanaojua kwamba hawastahili kubembelezwa.

"Niliwaambia mmoja," alisema.

"Najua," alisema Nakiete. "Ulilitoa kwangu neno hilo."

Hakuna aliyemsogelea mwenzake. Walitazama juu wote wawili, kwa muda mrefu, na hawakuona kitu ila udongo unaokauka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda taratibu, kama mabaya makubwa yaendavyo. Matunda ya mkuyu yaliiva, yakaanguka, yakaoza chini ya mama yao, na mche uliochipua hapo ulikufa kwa kivuli chake. Ng'ambo ya bonde, miti mizee iliyoanguka haikuachiwa warithi. Nakiete aliwakusanya watoto waliokubali kuja, wakabeba mbegu kwenye makapu, wakazipanda mpaka mikono yao ikapasuka. Nyingine ziliota. Lakini kapu la mtoto si tumbo la ndege, na miguu ya mtoto haivuki magenge. Sengondo alizeeka akaona taji lake likiliwa na wadudu, pembe ikabaki peke yake kama jino. Chemchemi ilipungua msimu hadi msimu. Ndiva iliyokuwa ikijaa kwa usiku mmoja ikachukua siku tatu, kisha saba, kisha udongo wake ukapasuka, na ndugu wa mlango mmoja wakapigana majembe kwa zamu ya maji. Nyumba za chini zikahama kwanza. Waliohama walilaumu mvua.

Nakiete alifariki kabla ya ndiva kukauka, na hilo watu walilihesabu kuwa huruma ya Mungu. Walimzika ukingoni mwa msitu. Hakupata kuliona tena yai la hondohondo, wala hakumwambia mtoto yeyote, "Umesamehewa," kwa kuwa hakuna aliyemsamehe yeye.

Wazee walimwendea Nambike, wakati huo mwanamke mwenye watoto wake, wakamwomba ashike kazi ya mwalimu wake. Akasema atawafundisha watoto majina ya miti, na ladha ya majani, na kazi ya chura, na jinsi ya kupanda. Kiota hatawaonyesha. Wakamwuliza iwapo anavijua vilivyobaki. Akasema havijui, na hata leo hakuna ajuaye kama alisema kweli.

Na tangu siku hiyo mama hondohondo hataki kuonwa. Wakati wake wa kutaga ukifika huingia ndani ya mti, akauziba mlango kwa udongo, akabaki humo miezi mitatu na zaidi, amepukutika mabawa, hawezi kuruka hata moto ukija. Dume huzunguka msitu kutwa nzima akitafuta matunda, akamlisha yeye na watoto kupitia ufa. Ndiyo maana mkimwona hondohondo dume na mdomo uliojaa, msimrushie jiwe wala manati. Wapo wanaompiga, wakambeba kwa miguu kwenda nyumbani, wakacheka njiani, wakidhani wameua ndege. Na mtini kule, nyuma ya udongo, mama na vifaranga wake wamenyamaza kimya ili wasijulikane walipo, wanasikiliza, wanasubiri chakula.